Kivumbasi Kisichotaka Maji

Mama alipotoka hospitali mwezi wa nane, tumbo likiwa limeshonwa vizuri na daktari akiwa amejisifu kidogo, na haki ya kujisifu alikuwa nayo, sote pale nyumbani tulidhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mama alikataa kula. Hakukataa kwa maneno. Angekataa kwa maneno ningejua la kumjibu, maana mimi ni mwalimu wa gredi ya nne na kubishana ni sehemu ya kazi yangu. Alikuwa anapokea sahani, anashukuru, anaonja kijiko kimoja, kisha anakilaza kijiko pembeni mwa chakula taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikirudi baada ya nusu saa nakuta chakula kimepoa na yeye anaangalia dirisha.

Kila kitu, alisema, kilikuwa na ladha ya chuma. Uji ulikuwa chuma. Ndizi za kuponda zilikuwa chuma. Hata chai ya maziwa, na mtu wa kwetu akikataa chai ya maziwa ujue mambo yamefika pabaya. Nilimpikia kuku wa kienyeji, nikamkorogea maziwa na asali, nikamsagia parachichi. Nilifika mahali nikawa namkasirikia, halafu najikasirikia kwa kumkasirikia, halafu naenda kuosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Tulipompeleka kliniki mara ya kwanza, nesi alimpandisha kwenye mizani, akaandika, hakusema neno. Daktari ndiye aliyesema. Alitupa wiki mbili. Kama uzito ungeendelea kushuka angemrudisha wodini na kumlisha kwa mpira unaopitishwa puani. Mama aliitikia kwa heshima zote, "Ndiyo daktari, asante daktari." Tulipofika kwenye korido alinishika mkono, akaniambia kwa Kimeru maneno ambayo nayatafsiri hapa kwa shida: kwamba wodini harudi, kwamba nikiwaruhusu wampitishie mpira puani hatanisamehe, na kwamba kama ni kufa atafia kwenye kitanda chake akisikia ng'ombe wake. Namjua mama. Hajawahi kutisha mtu kwa jambo asilokusudia kulifanya. Kwa hiyo nilikuwa na wiki mbili.

Siku ya tatu baada ya hapo, nikiwa nambadilishia shuka, alisema, "Kama ningepata supu yenye yale majani ya nyumbani, labda ingepita."

Nilijua anasema nini. Yale majani ni ya mmea ambao vitabu vya Kiswahili vinauita kivumbasi, jamaa wa mrehani, ila huu haupandwi na mtu. Shina lake lina pembe nne, majani yana meno pembeni, na maua yake madogo hukaa kwa mpango kwenye ncha. Wengine hukichoma kufukuza mbu. Wengine hukisaga wakajipaka kifuani wakati wa mafua. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa anafunga kifungu kwa uzi na kukitumbukiza kwenye supu ya mifupa, na nyumba nzima inanukia karafuu ingawa karafuu yenyewe hakuna. Niliinywa supu hiyo nikiwa mdogo, nikienda kwake likizo. Harufu niliikumbuka vizuri. Tatizo ni kwamba niliamini nalikumbuka na jani.

Kabla sijaendelea lazima nimtaje wifi yangu, kwa sababu bila yeye habari hii ingeishia wodini.

Ndugu yangu anafanya kazi Isiolo na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mke wake anatoka Mbeere, huko chini kwenye joto upande wa Siakago, na nyumba yao iko nyuma ya tangi la maji, hatua thelathini kutoka kwa mama. Mimi sikuolewa, na sitaki kuhojiwa juu ya hilo, kwa hiyo naishi na mama. Sisi watu wa huku juu tuna chai, tuna ng'ombe wa maziwa, tuna ukungu wa asubuhi, na tuna tabia mbaya ya kuwaona watu wa chini kana kwamba mvua iliwakimbia kwa makosa yao wenyewe. Nasema hivyo nikiwa na haya. Wakati ule sikuwa na haya yoyote.

Wifi alipoolewa alikuja na masanduku mawili, gunia la ndengu, na mkebe wa rangi uliojaa mchanga. Kwenye mchanga huo palikuwa na mmea wa kusikitisha. Majani yake yalikuwa madogo, ya rangi ya majivu, yenye manyoya, yamejikunja. Mashina yalikuwa magumu kama vijiti vya kuwashia moto. Aliuweka kwenye veranda yake, ndani kabisa chini ya mabati, pahali ambapo hata mvua ya upepo haifiki. Kisha akauacha. Jumapili baada ya kanisa aliumwagia kikombe kimoja cha maji, basi, mpaka Jumapili nyingine.

Niliamua kwamba wifi ni mvivu. Mtu anayeshindwa kunywesha mmea mmoja akiwa hatua mbili kutoka kwenye tangi, nilijiambia, atanywesha ng'ombe saa ngapi? Mwezi wa saba mwaka jana alipokwenda kwao kusaidia kuvuna, nilichukua hatua. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule niliumwagia mmea ule jagi zima la maji, na nikauwekea viganja viwili vya mbolea ya ng'ombe, ile iliyoiva vizuri. Ulinisikia. Ulitoa majani mapya, mapana, ya kijani, yanayong'aa. Nilimsubiri mwenyewe arudi aniambie asante.

Alirudi. Aliuangalia mmea, akachuma jani moja, akalifikicha, akanusa. Akausogeza mkebe kidogo kuelekea ukutani, akasema, "Asante wifi." Sauti yake haikuwa na furaha niliyoitarajia, nikahesabu hiyo kuwa utovu wa shukrani. Nikaendelea kuunywesha, hasa akiwa sokoni.

Sasa, mama alipotaka yale majani, mimi sikumwambia wifi. Mama ni wangu, niliona, na ugonjwa wake ni kazi yangu. Jumamosi asubuhi nilimwachia jirani kazi ya kukaa na mama, nikashuka mpaka Mitunguu, ambako mama alizaliwa.

Bibi aliishi Mitunguu kabla maji ya kunyunyizia mashamba hayajafika. Nakumbuka vumbi, mawe ya moto, na vichaka vinavyokwaruza miguu. Sasa ni migomba tupu. Unatembea kwenye kivuli cha kijani, mitaro inapiga kelele za chini kwa chini, mipira ya maji imetambaa kila mahali. Pale penye boma la bibi palikuwa na shamba la mtu mwingine, mama mmoja aliyevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, mcheshi, ambaye alisikia nataka nini akaniongoza mpaka ukingoni mwa mtaro.

"Si ni hii?" akasema. "Hii imejaa hapa. Tunakatanga tu tukitupa."

Kivumbasi kilikuwa kimesimama kunipita urefu. Majani yalikuwa mapana kuliko kiganja changu, laini, bila manyoya. Shina lilikuwa na pembe nne, pembeni mwa majani mlikuwa na meno, maua yalikaa kwenye ncha vile vile kama inavyotakiwa. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia yule mama na gambuti zake. Nilivuna nikajaza mfuko. Sikunusa. Au tuseme nilinusa, lakini kwa haraka, na pua ya mtu mwenye furaha hunusa inachotaka.

Mama alipoona majani aliketi kitandani mwenyewe bila kusaidiwa. Alizungusha shina kwenye vidole vyake akihisi zile pembe.

"Ndiyo hii," akasema. "Imenenepa tu."

Alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Nilipika supu ile nikiimba. Nilifunga kifungu kwa uzi mweupe kama bibi, nikakitumbukiza, nikafunika. Niliipeleka kwenye bakuli la wageni. Mama alivuta kijiko cha kwanza, akakishika mdomoni muda mrefu, akameza kwa adabu. Halafu akakilaza kijiko pembeni.

"Hii ni ile ya kujipaka kifua," alisema taratibu, akiniomba msamaha kwa macho.

Nilitoka nje nikakasirika. Nilimkasirikia yule mama wa gambuti, nikaikasirikia mitaro, nikamkasirikia hata aliyeleta maji Mitunguu, maji ambayo yamesomesha watoto wa watu wengi kuliko mimi. Usiku ule mama hakula kitu. Siku zilizobaki zilikuwa tisa.

Jumatatu nilikwenda Majengo, mtaa wa mjini. Nyuma ya msikiti kuna mzee mwenye duka dogo la viungo na dawa za miti, magunia chini, mikebe juu. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikienda bucha na sikuwahi kuingia. Nilimsalimia, nikamwambia nataka kivumbasi.

"Cha kufanya nini?" akauliza. "Kufukiza, kujipaka, ama kula?"

"Kula. Ni cha mgonjwa."

Alishusha mikebe miwili akaifungua mbele yangu. Majani yaliyokauka ndani yalifanana kwa macho yangu, vipande vya kahawia tu. Akanifikichia kidogo cha mkebe wa kwanza kwenye kiganja chake. Kilipanda puani moja kwa moja, kikali, harufu ya ile dawa ya mafua ya kichupa. Akajifuta kwa kitambaa, akafikicha cha pili, na nikasimama pale dukani nikiwa na miaka saba, kwenye jiko la bibi.

"Na zote ni kivumbasi?" nikauliza.

"Zote. Hizo ni kama watoto wa mama mmoja, mwalimu." Sijui alijuaje mimi ni mwalimu. Nafikiri ni namna ninavyouliza. "Sura usiangalie sana. Ingine ina shina nyekundu, ingine nyeupe, ingine nywele, ingine hakuna. Ikipata maji mingi inakuwa na majani kubwa, harufu inalegea. Kwa jua inakuwa kadogo, kabaya, lakini ukiguza tu unasikia. Na kuna zile ziko hivyo tangu mbegu, maji ama hakuna maji. Wewe nusa. Hii ya pili ilitoka Mbeere, lakini ni ya mwaka jana. Imechoka."

Akanifungia kwenye karatasi kilichobaki chote, ambacho kilikuwa kidogo.

Kutokana na kile kidogo mama alikunywa vijiko vinne. Nilivihesabu nikiwa nimesimama mlangoni, nikijifanya natafuta kitu kabatini. Kijiko cha tano alikinusa akakirudisha.

"Iko karibu," alisema. "Iko mbali, lakini iko karibu."

Niliingia jikoni nikalia kidogo, si kwa huzuni. Ilikuwa ni vile vijiko vinne. Halafu nikajipangusa, nikaanza kufikiri nani namjua Mbeere. Nilikuwa nimesimama dirishani na mwiko mkononi nikijiuliza hivyo, na mbele ya macho yangu, nyuma ya tangi, wifi alikuwa anaanika nguo zake kwenye kamba. Mtu anaweza kuwa mwalimu miaka ishirini na akawa mjinga hivyo.

Nilikwenda kwake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, ya Mitunguu na ya Majengo, haraka haraka, kwa sababu sikupenda kusikia sauti yangu ikimwomba. Yeye na mimi huongea Kiswahili, maana Kimbeere chake na Kimeru changu vinajuana lakini havielewani vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta mikono kwenye leso, akapanda veranda yake, akauinamia ule mkebe.

Mmea ulikuwa umekuwa kichaka. Kazi yangu hiyo. Majani yalikuwa yamefika ukubwa wa yale ya Mitunguu karibu, kijani, yameng'aa. Alichuma moja akalifikicha, akaniletea puani. Ilinukia mvua. Ilinukia nyasi iliyokatwa. Karafuu ilikuwa mahali fulani nyuma kabisa, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

"Ni hii," alisema. "Mamangu alinipatia nikikuja huku. Kwetu mtu akiolewa mbali anapewa hii kwa mchanga ya nyumbani, juu ya supu ya siku atazaa. Inafaa ikae na kiu. Ikikaa na kiu ndio inashika."

Wifi ana miaka mitatu pale kwetu na siku hiyo bado haijafika. Miaka mitatu alikuwa ameutunza mmea ule kwa kutoupa maji, na mimi nilikuwa nimeuona uvivu.

"Ni mimi nimekuwa nikiinywesha," nikasema.

"Najua."

"Na mbolea."

"Na mbolea pia najua, wifi. Inanuka." Alicheka kidogo kwa pua, halafu akaacha. "Ningekuambia. Lakini nilifikiria umeipenda. Hapa kwenu hakuna kitu yangu ingine ulikuwa umependa, so nikaacha tu."

Nimesemwa na wakuu wa shule, nimesemwa na wazazi wa wanafunzi, nimesemwa hata na askofu mara moja. Hakuna aliyenifikia pale wifi aliponifikia, na yeye wala hakuwa ananisema. Nilimwambia, "Nisamehe." Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hivyo. Alisema hakuna shida, na akaniuliza mama ana siku ngapi. Zilikuwa saba.

Asubuhi iliyofuata aliondoka akaenda kwao. Siku ile nzima mama alikunywa maji na nusu kikombe cha uji. Alilala sana, na akiwa amelala nilikuwa naangalia blanketi kuona kama linapanda na kushuka. Niliogopa. Nataka kuliandika hilo wazi kwa sababu mchana ule nilijifanya nimekasirika tu, nikawafokea kuku.

Wifi alirudi kesho yake saa nane mchana. Alikuwa amevuna alfajiri ya siku hiyo, kabla jua halijapanda, kwa sababu jua likishapanda harufu huondoka nalo. Hakuyaweka kwenye plastiki, maana inayafanya majani yatoe jasho. Alikuwa ameyafunga kwa leso, vifungu vitatu vimefungwa kila kimoja kwa fundo lake, na akavipanga kwenye meza ya mama.

"Zote zimetoka nyuma ya boma yetu, kwa mawe," alinieleza. "Hii na hii zimeachana tu kutoka hapa hadi kwa tangi. Zote zina ile harufu, lakini si sawa. Mimi sikukunywa supu ya bibi yenu, siwezi jua ni gani. Wacha mama achague."

Nilivitazama. Cha kwanza kilikuwa na mashina ya zambarau na majani ya wastani, kizuri, kimenyooka. Cha pili kilikuwa na manyoya meupe mpaka kilionekana kimepakwa unga. Cha tatu kilikuwa aibu. Majani yalikuwa madogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, yamejikunja, yametobolewa na wadudu, na nusu yake yalikuwa yamekauka yangali kwenye shina. Kama mwanafunzi wangu angenichorea jani la namna hiyo ningemwambia achore upya, na ukweli ni kwamba nimewahi kumwambia mmoja. Moyoni niliweka tumaini langu lote kwenye kile cha zambarau.

Tulimwegemeza mama kwenye mito. Wifi alipiga magoti kando ya kitanda, akafikicha jani la zambarau, akamsogezea. Mama alinusa. Akatikisa kichwa.

La pili. Mama alinusa, akasita, akanusa tena. "Hii inajaribu," akasema.

La tatu wifi hakulifikicha hata. Alilibonyeza tu kati ya vidole viwili na harufu ikanifikia mimi niliyekuwa mlangoni. Mama alimshika wifi kiganja kwa mikono yake yote miwili, akakivuta mpaka usoni, akakaa hivyo. Alikaa muda mrefu mpaka nikaogopa. Alipoinua uso macho yalikuwa na maji, na alikuwa amekasirika.

"Mlikuwa mnanizungusha kwa nini?" akaniuliza mimi, kwa Kimeru. "Hii ndiyo ilikuwa inamea kwa mawe nyuma ya choo cha mama."

Nilimtafsiria wifi. Wifi akaficha uso kwenye leso akacheka, na mimi nikacheka, na mama akatuangalia kwa dharau, mgonjwa wa kilo chache akitudharau sisi wazima wawili.

Mifupa ilikuwa tayari motoni. Wifi ndiye aliyefunga kifungu kwa uzi. Nilimpa uzi na sikumfundisha namna ya kufunga, na kwa mtu wa tabia yangu hiyo ni kazi. Harufu ilipita jikoni ikaingia sebuleni, ikaingia chumbani kwa mama, na jirani akaita kutoka ng'ambo ya ua akiuliza tunapika nini.

Nilimpelekea bakuli. Wifi alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Mama alichukua kijiko cha kwanza akakishika mdomoni, kama kawaida. Akameza. Akachukua cha pili. Cha tatu hakukishika mdomoni, alikimeza tu. Akasita kidogo na kijiko hewani, na mimi nikakiangalia kile kijiko kwa makini kuliko nilivyowahi kuangalia kitu chochote, nikisubiri kilazwe pembeni.

"Chumvi," mama akasema.

"Mama?"

"Hii supu haina chumvi. Nani alikufundisha kupika?"

Nilikwenda mbio jikoni. Nilirudi na chumvi nikiwa nimemwaga nusu njiani. Sijawahi kufurahia kutukanwa hivyo maishani mwangu. Mtu anayelalamikia chumvi ana mpango wa kumaliza bakuli, na mama alimaliza bakuli. Akaomba nyingine. Baada ya nyingine akauliza kama kuna ndizi, na ndizi ilikuwepo, na haikuwa chuma.

Siku zile tano zilizobaki tulipika supu asubuhi na jioni. Tulipoenda kliniki nesi alimpandisha mama kwenye mizani, na mimi nikafumba macho. Niliposikia nesi akisema, "Aa, hapa tumepanda kidogo," nilishusha pumzi ambayo nadhani ilisikika mpaka duka la dawa. Daktari aliuliza tumefanya nini. Mama alianza kumweleza habari ya majani yaliyonenepa na majani yaliyokonda, akamweleza mpaka nyuma ya choo. Daktari alisikiliza kwa subira, akasema hakuna mpira wala wodi, endeleeni hivyo hivyo. Tulipotoka nje mama aliketi kwenye benchi juani, akataka chai ya maziwa na mandazi. Nilimletea mandazi mawili. Alikula yote mawili na hakunipa hata kipande.

Wifi alikata kile kichaka changu chini kabisa, akamwaga mchanga uliojaa mbolea kwenye shimo la mgomba, akajaza mkebe mchanga mpya aliotoka nao kwao. Akapanda kijiti cha kile kifungu cha tatu. Kilishika. Mama alipoanza kutembea, safari yake ya kwanza ilikuwa zile hatua thelathini, na tangu hapo kiti chake cha mchana kiko kwenye veranda ya wifi. Mama hajui Kimbeere na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini wawili hao wanaongea siku nzima. Kila mtu anayepita anabonyezewa jani na kulazimishwa kunusa. Mzee wa Majengo nilimpelekea kifungu kizima kwenye leso. Alinusa, akafumba macho, akaniambia, "Sasa hii haijachoka."

Wifi alinipa amri moja tu. "Hii mkebe, wifi, uachane nayo kabisa."

Mwezi wa kwanza mwaka huu jua lilikuwa kali hata huku kwetu. Jumatano moja nilitoka nyumbani na kikombe cha maji, mkono ukinipeleka wenyewe. Kivumbasi kilikuwa kimekunjamana kwenye mkebe wake, majani ya majivu, madogo, wadudu wamekwisha kukipata, na chini hapakuwa na hata dalili ya unyevu. Ulikuwa mmea wa kusikitisha kama siku ile ulipofika. Nilifika mpaka kwenye veranda. Mama aliacha kuongea. Wifi, aliyekuwa kwenye kamba ya nguo, aliacha kuanika. Wote wawili wakakiangalia kikombe.

Nikayanywa yale maji mwenyewe, nikavuta kiti nikaketi nao.